Mtoto Aliyeachwa Ufukweni

Mwenyekiti wa mtaa wetu kambini aliyachoma madaftari ya dada yangu chini ya sufuria ya maharage ya mkewe. Mchana kweupe, watu wakiangalia. Lilipofika la saba, la mwisho, dada akasema tu, "Mzee, bado hajamrudia mtoto wake."

Mwenyekiti akamjibu, "Maharage yataiva upesi."

Nianze mwanzo. Tulivuka ziwa kutoka Kongo, tukashushwa kijiji cha Mwamgongo tumelowa, baadaye tukapelekwa kambini. Mimi shule niliishia darasa la nne. Dada alimaliza la saba, na kalamu ilimpenda. Akaanza kuandika hadithi ndefu ya ufalme ulio chini ya ziwa, wenye mazimwi na wafalme wanaogeuka samaki. Alitusomea bombani, tukiwa tumepanga ndoo.

Mazimwi tuliyasahau siku ile ile. Aliyetushika ni mwanamke kiwete, mbeba ngoma ya mfalme. Mwoga, mwongo kidogo. Vita vilipofika alikimbia na ngoma mgongoni, mtoto wake akamwacha ufukweni. Ee, bomba zima liligawanyika!

"Mama gani huyo? Mimi ningerudi."

"Ungerudi na miguu ya nani, mama wee? Juzi panya tu kakutoa nje!"

Tukacheka. Jirani yetu mmoja hakucheka. Alikuwa hajawahi kumtaja mtoto wake aliyebaki ng'ambo. Siku hiyo akasema polepole, "Alidhani kambeba. Mgongo ulikuwa mzito kwa ile ngoma."

Hakuna aliyemwuliza kajuaje. Tangu hapo kila asubuhi alikuja bombani, hata ndoo yake ikiwa imejaa. "Amerudi?"

"Bado, mama," dada alimjibu kila mara. "Yuko njiani."

Watu wa hadithi wakawa wengi, dada akawaorodhesha nyuma ya daftari asiwachanganye: jina, ukoo, silaha, atavukia wapi. Sasa kambini orodha tulizijua mbili tu, ya chakula na ya waasi. Fundi cherehani aliazima daftari asome, akaiona orodha, akaipeleka kwa mwenyekiti.

"Jeshi la nani hili?"

"Watu wa hadithi, Mzee."

Akanigeukia mimi. "Wewe ndugu yake, hawa unawajua?"

Niliwajua wote, mpaka mmoja mmoja anavyokohoa. Nikasema, "Mimi kusoma sijui vizuri." Niliogopa watatunyang'anya kadi ya chakula. Basi, na mimi nihesabiwe kati ya waliochoma.

Baada ya moto ule dada hakuandika tena. Kifua kilimwondoa kabla hatujatoka kambini. Mwisho wa hadithi hakuniambia, nami sikuwa na uso wa kumwuliza. Fundi ameshakufa. Mimi niko Bangwe, ufukweni, naanika dagaa, na vijana hunicheka nikiwasimulia hadithi ile: mtu mzima anatafuta nini kwenye falme zisizokuwepo? Yule jirani naye yuko hapa, ajuza sasa. Bado ananiuliza kama amerudi.

Wewe mwenyekiti una duka la vitenge Ujiji. Nikipita nakuamkia, unaitika marahaba kama mtu mwema. Njoo Bangwe. Kaa kwenye mkeka wa huyu mama, umjibu kwa mdomo wako mwenyewe: yule mtoto alirudiwa, au hakurudiwa?