Nilikwenda India kula sikukuu ya maua na rafiki yangu wa Doha, tukakuta uwanja wa kwao mtupu

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kimya, miaka inapita naishia kucheka na comments zenu. Leo nimeamua kutoa la moyoni. Ninachoandika kimenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wenyewe wapo hai.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nilikuwa Doha, mlinzi kwenye ghorofa moja la makazi pale The Pearl. Kwa wasiopajua, ni kisiwa cha kutengenezwa, boti za matajiri zimejipanga chini, na sisi kazi yetu kufungua geti na kusema good morning sir hata kama sir mwenyewe haitikii.

Kulala tulikuwa tunalala kambini, mbali huko. Basi la kampuni linatupeleka na kuturudisha.

Dereva wa basi hilo ndiye mwenye uzi huu. Tumuite Sasi. Mhindi wa Kerala, mfupi, masharubu mazito, akishika usukani lazima aimbe. Mimi nilikuwa napenda kukaa kiti cha mbele karibu na AC, basi urafiki ukaanzia hapo. Tulikuwa tunaongea Kiingereza cha kuungaunga na Kiarabu cha kazini. Yeye ananiita bhai, yaani kaka, na mimi namuita hivyo hivyo.

Ijumaa tukiwa off tunakwenda kunywa karak, ile chai ya maziwa ya kule. Sasi akishika kikombe tu, habari ni moja: Onam.

Onam ni sikukuu ya watu wa Kerala. Wanaamini zamani walikuwa na mfalme aliyewapenda sana, na kila mwaka hurudi mara moja kuangalia watu wake wanaishije. Basi kumpokea, kila nyumba inapanga maua chini mbele ya mlango, mduara ndani ya mduara, njano, nyekundu, zambarau, mpaka uwanja unakuwa kama zulia. Wanaanza na kaduara kadogo, kila asubuhi wanaongeza, mpaka siku yenyewe. Halafu watu wanavaa vizuri, wanakula vizuri, ili mfalme akija asione shida zao.

Nilimwambia, bhai, huyo mfalme ni sawa na sisi tukirudi nyumbani. Wanatuficha shida, na sisi tunawaficha zetu. Alicheka mpaka karak ikamwagika.

Sasi alikuwa hajaonja Onam ya kwao miaka mingi. Enzi zile hutoki Qatar bila karatasi ya ruhusa kutoka kwa tajiri wako, na tajiri wake kila ikifika likizo anasema ngoja, hatuna dereva. Baba yake alishafariki zamani. Kilichobaki ni mama, na alichokuwa anakitaka Sasi duniani ni kimoja tu: akae chini mbele ya jani la mgomba, mama yake ampakulie chakula cha Onam kwa mkono wake. Alikuwa analisema hilo bila aibu, mtu mzima na masharubu yake.

Kila Ijumaa alikuwa anapiga simu kwao. Miezi ile anayezungumza naye alikuwa dada yake tu, Latha. Mama masikio yameziba, kwenye simu hasikii kitu. Kwa hiyo Sasi anauliza, Latha anakwenda kwa mama, anarudi na jibu. Sasi ananitafsiria huku anatabasamu.

"Mama anasema usilale na AC kali."

"Mama anasema umepunguza kula, sauti yako imekuwa nyembamba."

Ijumaa moja akaniangalia huku anacheka. "Bhai, mama anasema nije na wewe. Anasema yule rafiki yako Mwafrika asikose."

Wakuu, mimi nina ugonjwa wa kupenda kutembea. Mwaka huo likizo yetu ilikubaliwa kipindi kimoja, na karatasi ya Sasi hatimaye ikatoka. Nikapanga kwenda Kerala kwanza, nyumbani Tanga baadaye. Sasi siku ile aliendesha basi anaimba mpaka wenzetu Wafilipino wakaomba apunguze sauti.

Kabla ya safari tulikwenda duka la dawa akamnunulia mama yake kifaa cha kusikilizia. Alinijaribishia mimi sikioni, akasogea nyuma mpaka mlangoni, akanong'ona, "Bhai, unanisikia?" Nikamwambia nakusikia na njaa yako naisikia. Akaridhika.

Tulitua Cochin asubuhi, kama siku mbili kabla ya Onam yenyewe. Aliyekuja kutupokea ni shemeji yake, mume wa Latha. Alimkumbatia Sasi muda mrefu, halafu akachukua mabegi, akaendesha. Haongei. Mimi nikasema moyoni huyu shemeji mkavu kweli.

Njia nzima Sasi ni kama mtoto. Dirisha wazi, kichwa nje. Na kweli ni pazuri jamani. Kijani kama Muheza, minazi, migomba, mvua imetoka kukatika. Na kila nyumba tunayopita, maua mlangoni. Nyumba ya tajiri ina zulia kubwa, kibanda cha maskini kina kaduara kadogo, lakini hakuna asiyeweka. Sasi anasimulia, hili la shule, hili la dukani, wale siku zote wanataka kushinda majirani.

Tukakata kona, gari likasimama mbele ya geti la kijani.

Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri. Hakuna hata ua moja.

Mimi na mdomo wangu nikachomekea utani. "Bhai, kwenu mbona hawajaweka? Wanakusubiri wewe ufanye kazi?"

Sasi hakucheka. Alikuwa anautazama ule uwanja. Kisha akamgeukia shemeji yake, akamuuliza neno moja kwa lugha yao. Shemeji akazima gari, akaweka paji la uso kwenye usukani, akaanza kulia.

Neno lenyewe nilikuja kuambiwa baadaye. Alimuuliza, "Nani?"

Kumbe kwao nyumba iliyofiwa haiweki maua mwaka huo. Mtu yeyote wa Kerala akipita anajua. Nyumba yote ya Sasi ilijua, kijiji kilijua, mpaka wauza maua wa njiani walijua. Asiyejua ni Sasi, na mimi niliyekuwa natania.

Latha alitoka ndani. Hapakuwa na haja ya kuuliza tena ni nani, maana aliyebaki wa kufa alikuwa mmoja. Sasi alimpita dada yake bila kumgusa, akazunguka nyuma ya nyumba upande wa kusini. Nikamfuata kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Kwao maiti inachomwa, na familia nyingi wanafanyia kwenye kiwanja chao wenyewe upande huo, halafu mahali pale wanapanda mche wa mnazi. Tukaukuta mche. Mimi ni mtu wa Tanga wakuu, mnazi naujua tangu nazi. Ule ulikuwa umeshatoa makuti yake vizuri, haukuwa wa mwezi huo wala wa mwezi uliopita. Na Sasi naye mtoto wa minazi. Niliona anauangalia jani kwa jani, nikajua anahesabu zile Ijumaa zetu zote.

Latha akaja akasimama nyuma yetu. Yeye ni mwalimu, Kiingereza chake kizuri kuliko chetu, na nadhani aliongea Kiingereza makusudi ili na mimi nisikie.

Sasi akamuuliza, "Ile ya AC?"

"Ni mimi," Latha akasema.

"Ya sauti yangu nyembamba?"

"Mimi."

"Na ya kumleta huyu?"

Latha akaniangalia. "Hiyo pia ni mimi. Sikutaka ufike hapa getini ukiwa peke yako."

Jamani. Nilijikaza kisabuni lakini hapo nilishindwa. Mimi nilikuwa najiona mtalii, nina kamera shingoni. Kumbe mwenzenu nimeitwa msibani miezi kabla, na aliyeniita hanijui hata sura.

Sababu ya kuficha alituambia jioni kwenye baraza. Mama mwenyewe, akiwa mgonjwa, alimuapisha. Alisema Sasi akisikia atalazimisha kuja, tajiri hatampa karatasi, atagombana, atafukuzwa, na msiba hataukuta. Mwacheni afanye kazi, akija atanikuta nilipo. Latha akatii. Alichokiongeza yeye ni zile salamu. Alisema Ijumaa ya kwanza alitaka kumwambia, Sasi akauliza mama amekula nini leo, na mdomo wake ukajibu wenyewe.

Sasi aliinuka. Alifungua begi akatoa kile kifaa cha kusikilizia, akakiweka mezani mbele ya dada yake, akaingia ndani kulala. Sijui kama alitaka kumuumiza. Lakini alimuumiza.

Siku ya Onam yenyewe nilitaka nishinde nao. Sasi akakataa, akanishika mkono mwenyewe mpaka kwa jirani. "Umetoka mbali. Kaa ule." Nikakaa chini kwenye mkeka, jani la mgomba mbele yangu, wakanipakulia wali na vikolombwezo ambavyo sikumaliza kuvijua, embe za kuchachua, ndizi za kukaanga, uji mtamu wa maziwa. Hakuna nyama hata kipande, kwa hiyo Muislamu mimi nilikula kwa amani. Aliyekuwa anapakua ni mama wa ile nyumba, mzee, anainama kwa shida, kila nikisema basi anaongeza. Nilikula kila alichoweka.

Siku chache baadaye shemeji akanipeleka mjini Thrissur kuona wanaume wanaojipaka rangi za chui. Hii mtafute video wakuu, maneno hayatoshi. Majitu yenye vitambi, tena kitambi kikubwa ndiyo sifa, kwenye kitambi wamechorwa uso wa chui meno nje, wanacheza barabarani kwa ngoma na kitambi kinatikisika, chui anakuwa kama ananguruma. Njano, nyeusi, nyekundu, kijani. Umati unapiga kelele. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikakumbuka nimemuacha nani nyumbani, nikaona aibu kwa kile kicheko.

Niliporudi Sasi alikuwa kwenye ngazi. Akataka nimsimulie yote. Nikasimulia, nikajaribu na kucheza mwenyewe. Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Mama alikuwa anawaogopa wale," basi, akalia, mara ya kwanza tangu tufike.

Likizo ilipoisha tulikutana tena Doha, yeye katokea Kerala, mimi Tanga. Hakuimba tena kwenye basi, nami sikumuuliza. Na dada yake walikaa muda mrefu bila kuongea, baadaye wakapatana. Lakini akimpigia anauliza habari za Latha tu. Za mtu mwingine yeyote haulizi.

Mimi nilichojifunza sijui hata kama ni somo. Sisi tulioko nje tunadhani mashaka ni ya kwetu, kumbe aliyebaki nyumbani na taarifa mdomoni ana mzigo wake. Sikuweza kumchukia Latha. Wala sikuweza kumwambia Sasi amsamehe.

Kule Tanga, likizo hiyo hiyo, nilimuweka chini dada yangu Mwanaidi. Nikamwambia, siku mama akipata lolote, nipigie siku ile ile, hata nikikosa kazi. Niapie.

Mwanaidi akasema, "Mdogo wangu, siapi. Sijui siku hiyo mdomo wangu utasema nini."

Nilikasirika sana siku ile. Sasa hivi sina hasira naye.

Wenzangu mliofichwa msiba mkiwa ughaibuni, au nyie mliomficha mtu, hebu semeni humu, mliwezaje kuendelea kupokea simu?

Mimi tangu hapo nikipiga nyumbani nasema nipe mama. Wakisema amelala, nasema muamsheni. Anapokea kwa hasira, "Wewe mtoto, unaniamsha una shida gani?"

Namwambia sina shida mama, endelea kunigombeza.