Safari ya Kumtibu Robhi, Mke Wangu

Ninyi vijana wa ukoo wangu, someni haya bila kuchekacheka. Robhi ni mke wangu. Nilimwoa kwa ng'ombe wangu mwenyewe, kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu: mwanamke mjane asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake, naye humzalia kwa mwanamume wa kando. Amenizalia wasichana wawili.

Mwaka jana alianza kutokwa na ute mweupe, mwepesi kama maji. Nikafurahi! Ng'ombe akitoa ute wa namna hiyo, tunajua yuko tayari kwa dume. Nikasema mtoto wa kiume anakuja. Miezi ikapita, vitambaa vikaloa kutwa, mimba hakuna.

Tulianza na hospitali ya Mugumu. Wakampima, wakakata kipande kidogo cha juu, wakaona shingo ya kizazi safi. Tukarudi nyumbani Kenyamonta, ute ukaendelea.

Ndipo tukasikia madaktari bingwa wameweka kambi Tarime. Alfajiri tukaondoka.

Tarime daktari alikuwa binti mdogo. "Shikamoo bibi. Mume wa mgonjwa yuko wapi?"

"Unamwona."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema, "Bibi, iko saratani moja adimu. Inafanana sana na nyama nzima, ukikata juujuu inakudanganya. Nitakata kipande cha ndani zaidi."

Wiki tatu baadaye tulirudi kuchukua majibu. Ilikuwa yenyewe, ila haijasambaa.

"Tukitoa kizazi sasa, atapona. Ila hatazaa tena."

Robhi akaniangalia kama mtu anayerudishwa kwao.

"Unaniangalia nini?" nikamwambia. "Ng'ombe niliwatoa nikupate wewe. Daktari, kitoe!"

Siku ya kurudi nyumbani baada ya upasuaji, Robhi aliimba njia nzima, ananisema kwenye wimbo: mume wangu hana ndevu, lakini daktari anamwogopa. Dereva wa basi naye akaitikia. Mnadhani nilimnyamazisha? Nilipiga makofi.

Nyumbani nilichinja mbuzi. Wana wanne wa marehemu mume wangu kwa mke mwenzangu, wanaume wazima, wakaja kula. Mkubwa wao, mdomo umejaa nyama, akauliza, "Mama, sasa wanaume wa nyumba yako utawapata wapi?"

Nikawahesabu kwa kidole.

"Ninao wanne hapa. Robhi amekatazwa kubeba kizito. Kesho asubuhi chukueni ndoo, mtoni, wote. Na mbebe kichwani, maji yasimwagike."