Nilimnyima Mwanangu Radhi

Nimekosa, na sitafuti wa kunifariji. Kusoma sikusoma sana, chuoni kwa Kurani na madarasa machache tu, basi nitasema kama ninavyosema jikoni kwangu hapa Tooting.

Nilikuja London baada ya mapinduzi ya Unguja na mwanangu mmoja, bado wa kubebwa. Baba yake alitoka nyumbani kule kule Unguja akisema anarudi sasa hivi. Mpaka leo. Tangu hapo mtu akiniambia "narudi", hukaa nikitazama mlango.

Mtoto akakua, akapenda kriketi. Nikadhani ni utoto, utamwisha. Haukumwisha. Timu ya kaunti ikamwajiri, akawa analipwa mshahara kwa kupiga mpira. Shoga yangu wa Mombasa, tuliyekuwa tukifanya naye usafi hospitali, alikuwa akinicheka: "Mwanao analipwa kusimama majanini siku nne kwa mechi moja, na mwisho wanatoka sare? Nami nitafutie kazi hiyo." Nilicheka naye, lakini iliniuma.

Kila akitoka kwenda kucheza, mwanangu alikuja kuniinamia, begi lake refu begani. Kinywani mwake ni Kizungu mtindo mmoja, ila neno hili hakulisema Kizungu abadani: "Mama, nipe radhi." Nami humwekea mkono kichwani, nikamwambia, "Radhi zangu unazo, nenda." Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto hatoki safari bila ya radhi ya mzee wake.

Siku moja akaja anacheka peke yake. Amechaguliwa kwenda na timu ya taifa, ng'ambo, msimu mzima wa baridi. Akainama kama kawaida. Mkono wangu haukunyanyuka.

"Ukipanda ndege hiyo," nikamwambia, "mimi sina radhi nawe, duniani wala akhera."

Lahaula! Neno gani hilo la kumwambia mtoto? Alibaki vile vile ameinama, akingoja nicheke. Sikucheka.

Hakwenda. Aliwaambia goti linamuuma. Hawakumwita tena, na baadaye kaunti nayo ikamwacha. Akasomea ualimu, akafundisha hesabu na michezo kwenye skuli moja ya wavulana. Nikatembea kifua mbele, mwanangu mwalimu! Watu niliwaambia nilimzuia kwa sababu ya pombe za wachezaji. Uongo. Pombe hakuionja. Niliogopa kubaki peke yangu nikitazama mlango.

Alipoingia mvi wakubwa wa kriketi wakampa ofisi, akawa msimamizi wa michezo ya vijana. Kazi yake ikawa kuwapeleka watoto wa wenziwe kucheza ng'ambo. Aliwafikisha uwanja wa ndege, akawapungia, akarudi kwangu kunywa chai. Yeye mwenyewe hakupanda ndege, hata nilipomwambia twende Umra. Hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenitukana!

Lakini radhi hakuniomba tena. Husimama mlangoni, "Bye, Mum," basi, kashuka ngazi. Na mimi nilikuwa nayo ulimini miaka yote hiyo, kiburi kinanizuia. Nilitaka aanze yeye kuomba.

Kisha moyo ukamsumbua. Asubuhi ya kupasuliwa, nesi amekwishashika kitanda amsukume, nikamwekea mkono kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko zangu. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekosa. Radhi zangu zote unazo, nenda."

Akanitazama. Akanijibu kwa Kiswahili, ambacho sikukisikia kinywani mwake tangu lini sijui.

"Za kwendea wapi, mama?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeulizia basi. Nesi akamsukuma, mlango ukafungwa. Alirudishwa kwangu amefunikwa.

Shoga yangu ananiambia nishukuru, mtoto kafa na radhi za mamake. Nimemwambia anyamaze.

Nyinyi wenye watoto, nisikilizeni. Radhi si kamba ya kufungia mbuzi. Mtoto akikuinamia na begi lake, weka mkono kichwani, hata ukiwa unaogopa, hata hujui atarudi au harudi. Ukimaliza ingia ndani ulie. Msifanye kama mimi. Mimi nilimpa yangu siku ambayo hakuwa na safari nyingine iliyobaki ila ile.