Kaa la Jirani

Miaka ile ya tisini pale Maganzo sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa nesi wa zahanati, na kila nilipoketi niliinuka tena kwenda kutazama kipimajoto cha friji la chanjo. Surua ilikuwa Geita. Wachimbaji walikuja kwetu kutoka huko kila juma, wakifuata almasi kama walivyofuata dhahabu, na binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anatimiza miezi tisa, umri wa kuchomwa sindano ya surua. Siku ya kliniki ilikuwa Jumatano. Chanjo zikipata joto kabla yake, basi tena.

Friji lilitegemea betri, na betri zilitegemea paneli za sola tulizofungiwa juu ya bati na wafadhili. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mfanyabiashara wa Kihindi mwenye jenereta, ambaye nyaya zake zilipeleka umeme kwenye maduka, mashine ya kusaga na mgahawa wa mama mkwe wangu, aliyenishikia mtoto nikiwa kazini. Kamati ya kijiji ikaamua tuunganishwe: mchana jua letu liwasaidie wao, jioni jenereta ituongezee sisi. Mume wangu, fundi umeme, ndiye aliyevuta waya wa kutuunganisha. Mimi nilipinga, nikaambiwa nina roho mbaya.

Tatizo ni kwamba kwetu Usukumani jirani akija na kigae kuomba moto, humnyimi. Akichukua kaa moja, jiko lako halipungui kitu. Basi na umeme wakauona hivyo hivyo. Kila mwenye ukuta karibu na nyaya zile akaomba balbu, na hakuna aliyekataliwa.

Kisha mvua zikaanza, jua likajificha, na jenereta ikanyamaza kwa sababu lori la dizeli lilikuwa limekwama njia ya Isaka. Soko zima likabaki linanyonya betri zangu. Jumatatu asubuhi kipimajoto kilianza kupanda. Nikatoka na gauni langu jeupe, nikapita mlango kwa mlango, matope hadi vifundoni.

"Zimeni, tafadhali. Chanjo zinaharibika."

"Mwangaluka, mayu," walinijibu, wakinisalimu kwa Kisukuma, kwa upole uliozidi kuniudhi. "Yangu ni balbu moja tu."

Kila mtu alikuwa na balbu moja tu! Mgahawani, redio ya mama mkwe ilikuwa inaimba na taa inawaka mchana kweupe.

"Shikamoo mama. Naomba uzime."

"Marahaba. Mwanangu, tangu lini mtu akahesabu makaa aliyogawa?"

"Umeme si makaa, mama. Unaisha!"

Wateja wakacheka. Niliondoka kwa hasira. Mume wangu nilimkuta zahanati anatazama dari, maana kati ya mke na mama hakuwa na pa kusimama. Sikumwomba kitu. Nilichukua koleo lake, nikazima swichi, nikapanda kwenye benchi la wagonjwa na kuukata waya uliotuunganisha na soko. Redio ng'ambo ya barabara ilinyamaza katikati ya wimbo.

Kesho yake kiberiti changu kilikuwa kimeloa. Nilikwenda kwa jirani na kigae, akaniambia jiko lake limezimika. Wa pili akasema hivyo hivyo. Kwa mama mkwe sufuria ya maharage ilikuwa inachemka nyuma yake, nikaiona na yeye akaniona nimeiona.

"Limezimika, mwanangu," akasema.

Nilirudi nikala mkate mkavu. Niliumia, sitaficha. Lakini friji lilikuwa linanguruma na kipimajoto kilikuwa kimetulia mahali pake.

Jumatano niliogopa hawatakuja. Walikuja wote, kina mama wa kijiji jirani cha Songwa na wa pale pale sokoni, wakapanga foleni mpaka nje ya uzio. Wa sokoni hakuna aliyenisalimu. Walinyoosha mikono ya watoto, nikachoma, wakaenda zao.

Mwisho wa foleni alisimama mama mkwe na binti yangu mgongoni. Akamfungua kutoka kwenye kanga, akamkalisha mapajani na kumshika mkono barabara ili asirushe. Nikampa shikamoo. Hakuitika.

"Mchome," alisema.

Nilimchoma. Mtoto alilia sana, na bibi yake akamfunga tena mgongoni, akatoka naye akimbembeleza, akaniacha nimeshika sindano tupu.