Binti wa fundi pampu anayevipa nguvu vigari vya rimoti vilivyochoka

Saa mbili asubuhi, Kizota, Dodoma. Upepo umeshaanza kuhamisha vumbi kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine, na mafundi wa mageti wamewasha mashine zao za kuchomelea. Katikati ya kelele hizo mwanamke aliyejifunga kanga juu ya dera ameinama mezani. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye mota ndogo, mpini ameuegemeza sikioni, na macho ameyafumba.

"Subiri kwanza," anamwambia mgeni wake, mwandishi wa habari, kabla salamu haijaisha.

Mota inalia. Kwa sikio la mtu wa kawaida inalia vizuri tu, lakini mwenyewe anatikisa kichwa. "Huyu hajakaa sawa," anasema, kama anayemzungumzia mtu mwenye maumivu ya kiuno. Analegeza skrubu moja, anakaza nyingine, anasikiliza tena. Sasa anatabasamu. "Haya, karibu. Umeamkaje?"

Huyo ndiye Mwajabu Uwesu, mwenye umri wa miaka 39, mzaliwa wa Kondoa na fundi wa kuvifunga mota zenye nguvu vigari vya rimoti vya zamani. Si vile vya mashindano ambavyo vipuri vyake vinauzwa madukani. Vyake ni vya kuchezea watoto, plastiki tupu, vilivyotengenezwa kwa matumaini kwamba vitaharibika na mzazi atanunua kingine.

"Vinakuja vimekufa," anasema. "Vingine vimekaa juu ya kabati miaka ishirini. Vinaondoka hapa vinapanda milima ambayo vilipokuwa vipya visingeithubutu."

Na watu wanavileta kweli. Wengi ni watu wazima wenye ndevu na vyeo, waliohamia Dodoma kikazi, wakafungua maboksi na kukuta gari lililowaliza utotoni betri zilipoisha. Wanaingia kwa Mwajabu wamelificha kwenye mfuko wa rambo, wanasema ni la mtoto. Mwajabu hawabishii. Kazi hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba yake Miyuji, na hilo analitaja kifua mbele.

Kilichopo mezani leo ni kigari cha aina ya jipu, chekundu, chenye umri wa zaidi ya miaka thelathini, mali ya Tadeo Augustino, Msandawe wa Chemba anayeendesha kijiko kwenye eneo la ujenzi Msalato. Alinunuliwa jipu hilo na shangazi yake, Paskalia, alipopokea Komunyo ya Kwanza. Mchana anaendesha mtambo unaochimbua mlima, jioni anahangaika na jipu linaloenea kwenye kikapu cha sokoni.

"Dada Mwajabu, leo likikwama nakurudisha Kondoa kwa miguu," anatania Tadeo akiwa mlangoni.

"Nikifika Kondoa nitakuacha wewe njiani, maana hujui kutembea, unajua kukaa kwenye kijiko," Mwajabu anamjibu bila kuinua uso.

Wanacheka, lakini leo utani wao haufiki mbali. Kwenye kiti cha plastiki pembeni amekaa mzee mrefu aliyevaa kofia ya kufuma, mikono juu ya magoti. Ni Mzee Uwesu Mbwana, baba yake Mwajabu, aliyefika jana kutoka Kondoa kwa ajili ya miadi ya macho hospitalini. Kesho kutwa atapimwa, apangiwe siku ya kutolewa mtoto wa jicho.

Mzee huyu si mtu mdogo kwao. Kwa miaka mingi, pampu ya kisima ikifa vijijini Kondoa, aliitwa yeye. Alifungua mota, akatoa waya ulioungua, akasuka mwingine kwa mkono, na maji yakarudi. Alikuwa na watoto wa kiume watatu na hakuna aliyetaka kushika bisibisi. Aliyetaka ni Mwajabu. Alimfundisha yote, pamoja na kusikiliza mota kwa mpini, na alijisifia hilo hadharani.

Mpaka binti alipoanza kutengeneza vigari.

"Baba aliniambia mota inayoleta maji ina thawabu, hii ya kuchezea ina nini?" anakumbuka Mwajabu. "Lakini pampu mpya zilikuwa zimejaa, za bei rahisi, zimezibwa hazifunguki. Watu wanatupa, wananunua nyingine. Nilikuwa nakaa hapa nikiua nzi. Siku moja mteja akaniletea kigari cha mwanawe. Nikakifungua, nikakuta ni mota ileile niliyofundishwa nyumbani, ila imekuwa ndogo. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini."

Mzee hakufurahi. Tangu hapo, mtu akimuuliza kule Kondoa binti yake anafanya nini Dodoma, jibu lake ni moja: ana kiduka. Mwajabu alilisikia kutoka kwa binamu yake Joha, na lilimchoma. Hana kiduka. Hajawahi kuuza hata kiberiti.

"Sifa za watu wengine ninazo za kutosha," anasema kwa sauti ya chini, baba yake akiwa ametoka kidogo kutawadha. "Ninachotaka ni kimoja. Baba aulizwe mwanao anafanya nini, ajibu ukweli. Basi. Nimekuwa mtu mzima, nina nyumba yangu, lakini hilo bado linaniuma."

Nafasi ya kupata anachokitaka aliipata mwaka jana, na ikaenda vibaya. Mzee alikuwa amekuja kwenye harusi ya mjukuu, Mwajabu akamshawishi waende pamoja Msalato, ambako wenye vigari hukutana Jumamosi alasiri kwenye rundo kubwa la changarawe. Tadeo akaweka jipu lake jekundu chini. Lilianza kupanda kwa kishindo, likafika katikati, likatoa sauti ya meno yanayosagana, likasimama. Mota ilikuwa inazunguka, magurudumu hayaendi. Gia zote za plastiki zilikuwa zimelika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, lakini hao wahenga koleo halikuwavunjikia mbele ya baba mzazi. Mzee Uwesu alisema neno moja, "Unaona?", akaomba apelekwe stendi.

Mwajabu hakulala na jambo hilo. Alilifungua jipu akalichunguza sehemu kwa sehemu. Mota haikuwa na tatizo, ilikuwa imetoka kwenye drili ya betri na nguvu zake zinatosha. Bodi ya zamani alikuwa ameshaiondoa, kwa sababu haiwezi kubeba umeme mwingi, akafunga nyingine. Betri nzima. Kilicholiua jipu kilikuwa ndani ya boksi la gia, na alipokijua alikaa chini. Hakumwambia baba yake, wala mtu mwingine.

Leo mzee mwenyewe anakigusa.

Amerudi kutoka kutawadha, amevuta kiti hadi mezani, na bila kuomba amelichukua jipu la Tadeo. Macho hayamsaidii, kwa hiyo anatumia vidole. Anapapasa mota, anapapasa waya, anakubali kwa kichwa. Anafungua kifuniko cha boksi la gia, anaingiza kidole, anakitoa. Anasugua kidole na gumba.

"Mama, umesahau grisi."

"Sikusahau, baba."

"Pakavu huku. Gia kavu ni gia maiti, nimekwambia tangu ukiwa msichana."

Mwajabu anaweka bisibisi chini. Tadeo, ambaye huwa hakosi neno, anatazama barabarani.

"Uliniambia, baba, na mwaka jana nilipaka," anasema Mwajabu. "Nilijaza kabisa, kama tunavyojaza kwenye pampu. Lakini boksi la pampu limefungwa. Hili liko wazi kwa chini, limetengenezwa hivyo, na gari linakwenda ardhini. Upepo wa Dodoma unaujua. Vumbi likaingia, grisi ikalishika, ikawa msasa. Ikatafuna gia hadi zikaisha. Siku hizi siweki grisi. Naweka unga wa penseli, nasaga ile risasi nyeusi ya ndani. Inateleza na vumbi haligandi."

Mzee anaendelea kusugua vidole, polepole. Kweli, kuna weusi kidogo.

"Kwa hiyo siku ile," anasema, "ilikuwa grisi yangu."

"Lilikuwa vumbi la Dodoma, baba."

"Mwajabu."

"Abee."

"Ilikuwa grisi yangu. Na mimi nikaondoka nikakuacha na aibu. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, baba? Mbele za watu, kwamba umekosea?"

Mzee anatafuta kitu mezani kwa kiganja, Mwajabu anaelewa na kumpa bisibisi. Mzee anaigusisha ncha kwenye mota, anaweka mpini sikioni. Tadeo anabonyeza rimoti. Mota inalia, mzee amefumba macho vilevile alivyofumba binti yake asubuhi, na mtu yeyote aliyekuwapo angejua hao wawili ni damu moja.

"Iko sawa," anasema hatimaye. "Twendeni tukaione."

Rundo la changarawe la Msalato halina maajabu yoyote ukiliangalia bila kigari mkononi. Ukiwa nacho, ni mlima. Alasiri hii wapo watu wa kutosha: wenye vigari, wake zao waliokuja kuwacheka, na wauza karanga. Editha, karani katika ofisi moja mjini, amekuja na gari la polisi la bluu ambalo Mwajabu alilifunga mota miezi michache iliyopita. Limekwishapanda mara mbili leo.

"Hili kaka zangu walinikataza kulishika tulipokuwa wadogo," anasema Editha. "Sasa nimewanyang'anya. Fundi Mwajabu akaniambia nikienda taratibu kwenye kona halitapinduka, na kweli halipinduki. Hao kaka zangu wananiomba niwaazime, nawaambia subirini."

Zamu ya jipu jekundu inafika. Tadeo anamkabidhi Mwajabu rimoti. "Shika wewe," anamwambia. "Mwaka jana lilinifia mimi mkononi." Ni maneno ya utani, lakini anayasema kwa upole.

Mzee Uwesu amesimamishwa mahali pazuri, ambako angeona vyema kama angekuwa na macho ya kuona. Mwajabu anaanza kumsimulia: linaondoka, baba, linaingia kwenye mteremko.

"Usiniambie," anasema mzee. "Nalisikia."

Jipu linapanda. Magurudumu ya mbele yanateleza, kokoto zinaporomoka, sauti ya mota inashuka, inakuwa nzito. Linafika pale katikati, palepale. Watu waliokuwapo mwaka jana wanasogea karibu. Mwajabu haongezi mwendo. Anapunguza kidogo, analiacha lishike ardhi, kisha analiongezea nguvu tena. Jipu linatikisika, linalivuka jiwe, linaendelea. Mzee ameinamisha kichwa upande, sikio mbele, midomo inacheza bila sauti.

Linafika juu. Makofi yanapigwa, Tadeo anakimbia kulichukua kama mtoto wa darasa la pili, na mwanaume yule ana watoto wanne.

Mwajabu ana mpango, na anaueleza hapohapo akikung'uta vumbi kwenye rimoti. Mota za drili chakavu zinazidi kuadimika, na zinazopatikana nyingi zimechoka. Anataka aache kuzitegemea, azisuke mwenyewe mota ndogondogo kuanzia mwanzo, kila kigari kwa uzito wake na kwa ardhi yake. Waya wake ni mwembamba kama unywele. Kusuka anajua, lakini kuusuka waya wa namna hiyo usikatike kunataka mkono uliozoea kuliko wake.

"Ninaujua mkono wenyewe ni wa nani," anasema. "Ila sijathubutu kuuomba."

Wakati anasema hayo, kijana mmoja mfanyabiashara wa alizeti, Mudrick, mwenyeji wa Kondoa aliyekuwa akipita na pikipiki yake, amemtambua mzee na kusimama. Anashuka, anavua kofia ngumu, anainama.

"Shikamoo Mzee Uwesu. Hata huku upo? Umekuja kumwona yule binti yako mwenye kiduka?"

Mwajabu ameyasikia. Ameacha kukung'uta.

"Marahaba, mwanangu," anajibu mzee, na sauti yake ni ya mtu anayetaka watu wote wa pale wamsikie. "Kiduka kipi? Mwanangu hana kiduka. Mwanangu ni fundi wa mota, na gari lililopanda sasa hivi ni kazi ya mikono yake. Ukifika nyumbani uwaambie. Waambie pia nikishatolewa huyu mtoto wa jicho sirudi kukaa barazani. Nakuja hapa Dodoma, kama atanipokea, nisuke mota kwake."