Mgeni Aliyekuja Kusikiliza Valvu

Ninayoyaeleza hapa yalinipata nyumbani kwangu Bulyaga, na mtu wa kwanza kuyakataa nilikuwa mimi mwenyewe. Nina stashahada ya elektroniki. Nimeitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni ili kila anayeingia aione kabla hajaketi. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Nilichoma mahindi Dar es Salaam, kando ya barabara, nikajilipia ada mpaka muhula wa mwisho. Baada ya hapo nilifanya kazi ya ufundi miaka kumi na moja, nikarudi Tukuyu, nikajenga nyumba ya vyumba vinne yenye marumaru sakafuni. Mtu wa namna hiyo haamini hadithi za wafu. Mimi ninaamini kipimo.

Tena wasimuliaji wa mambo haya hupenda kusema ilikuwa usiku wa manane. Yangu yalitokea saa kumi alasiri, kuna umeme, nami ninakunywa maji baridi. Ukungu ulikuwepo, lakini Tukuyu ni lini ukungu haupo?

Kwanza nikueleze kuhusu amplifaya, maana ndiyo iliyoleta yote.

Niliiagiza mtandaoni kutoka Uchina. Ni amplifaya ya valvu, vile vioo virefu vinavyowaka kama kaa dogo la moto, vilivyokuwa ndani ya redio za zamani. Mafundi wenzangu walinicheka. Waliniuliza kama nimerudi kijijini kuwasha karabai. Wao hawajui. Sauti ya valvu ina joto, inamjia msikilizaji kama mtu anayezungumza chumba kimoja naye. Ila yangu ilikuwa ya bei rahisi, na kitu cha bei rahisi hujitangaza chenyewe. Ilikuwa inanguruma chini chini, na kwaya ikipandisha sauti, wanawake wote walisikika kama wana mafua.

Nikaifungua. Nikang'oa kapasita zake dhaifu nikalehemu nzuri. Nikanyoosha waya wa ardhini, mngurumo ukaisha. Nilifanya kwa siku mbili kazi ambayo mafundi wa mji huu wangeifanya kwa mwezi, na wangeharibu. Lakini mafua yalibaki. Nikajua tatizo ni valvu zenyewe. Nilihitaji zile kubwa mbili, za zamani, zilizotengenezwa enzi watu walipotengeneza kitu kidumu.

Nilijua mahali zilipo. Zilikuwa Lufingo, darini, katika nyumba ya mama yangu.

Babu, baba yake baba, alikwenda migodini kusini akiwa kijana, kama vijana wengi wa Rungwe wakati ule. Akarudi na redio kubwa ya mbao aliyouziwa na msimamizi wake. Redio ile ilihitaji umeme wa ukutani, na Lufingo umeme haukuwepo. Babu hakulijua hilo? Alilijua. Alisema umeme utakuja. Akaifunika blanketi, akausubiri mpaka akafa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Picha yake hatuna hata moja. Baba aliirithi redio, akaipandisha darini, naye akafa. Mama hakuigusa kamwe. Alipofagia dari, alifagia kuizunguka.

Mama mwenyewe wakati huo nilikuwa nimeshamhamishia kwangu. Ana presha, na alikwishaanguka mara mbili jikoni kwake, peke yake, mara ya pili akalala sakafuni tangu asubuhi hadi jirani alipokuja kuomba moto. Daktari alinitazama usoni akaniambia huyu mama akikaa tena peke yake, utamzika. Kwa hiyo nikamchukua. Alikuwa na kiti chake sebuleni, karibu na dirisha, anachambua maharage na kusikiliza kwaya. Kama kuna kitu kimoja katika maisha yangu ninachojivunia kuliko ile fremu ukutani, ni kile kiti chenye mama juu yake.

Basi nikaenda Lufingo siku moja, nikapanda darini, nikafungua redio, nikazitoa valvu mbili, nikazitia ndani ya soksi. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani? Mimi ndiye mjukuu, vitu ni vyangu.

Niamini, nilipozichomeka kwenye amplifaya yangu zikapata moto, nilikaa chini. Mafua yaliisha. Ningeweza kukuonyesha kila mwanakwaya amesimama wapi, hata yule wa nyuma aliyechelewa kuvuta pumzi. Nikamwita mama aje asikie.

Mama akafika mlangoni akasimama. Akasema nyimbo ni nzuri, lakini sebule ina baridi. Akarudi jikoni. Kesho yake vile vile. Wiki mbili zikapita, kiti cha dirishani kitupu, mama yuko jikoni kwenye kigoda, maharage magotini. Nilimuuliza nimemkosea nini. Alisema hajui, ila akifika pale mlangoni miguu inakataa. Nikadhani ni presha. Nikamnunulia sweta.

Sasa siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Nilikuwa nasikiliza, nikasikia hodi, nikaitika karibu bila kunyanyuka. Akaingia mzee mrefu, koti refu la rangi ya majivu, kofia mkononi. Alivua makubazi yake mlangoni akakanyaga marumaru kwa miguu mitupu. Alinisalimu kwa Kinyakyusa, nikamwitikia, akakaa. Hakukaa kwenye kochi. Alivuta kiti cha mama akakisogeza karibu na amplifaya, karibu kiasi cha kuotea moto.

Nilimtazama vizuri usoni, na nakuomba ulikumbuke hilo. Sikumjua, lakini Bulyaga wazee hupita, huomba kujikinga mvua, hakuna ajabu.

Aliniuliza kama zile taa zinapata moto kweli. Nikamwambia zinapata. Nikaanza kumweleza namna valvu inavyofanya kazi, nikamwonyesha na fremu ukutani. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjukuu, una maneno mengi kuliko ledio. Acha ziimbe."

Nikacheka. Nani asingecheka? Tukasikiliza. Uso wake, sijui nikuelezeje. Umewahi kumwona mtu aliyefika na barua mahali alipotumwa zamani sana, akakuta mlango bado uko wazi? Baada ya muda akasema polepole, "Kumbe ndivyo zinavyoimba. Mimi nilizibeba tu."

Nilidhani anakumbuka mambo yake ya ujana, kama wazee wengi. Nikaona mgeni huyu anastahili chai. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Kinyakyusa aliyekulia nyumbani asingelifanya. Nilipaza sauti nikamwita mama atuletee chai, tuna mgeni.

Mama si mtu wa kumnyima mgeni chai, hata miguu ikikataa. Nikasikia vikombe vinakuja koridoni. Mzee naye akavisikia. Akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kama mtu anayepiga hodi. Vikombe vikasimama.

Nikaenda kumpokea. Mama alikuwa ameshafika kizingitini, macho yake chini, kwenye miguu ya mzee. Hakupiga kelele. Aliweka sinia sakafuni taratibu sana, akavuta kitenge kikamfunika kichwa na uso, akageuka ubavu na kurudi nyuma huku ameinama. Nikamgeukia mzee nimwombe radhi, nikamkuta naye amegeukia ukuta. Nikabaki katikati, mgongo huku, mgongo kule.

"Mwache," mzee akauambia ukuta. "Huyo ana adabu. Tangu alipoolewa hajanipa shida."

Nilimkimbilia mama kwanza. Nilimkuta jikoni amejibanza nyuma ya mlango, bado amejifunika.

"Mguu wake wa kulia una vidole vingapi?" akaniuliza.

Sikujua. Nani huhesabu vidole vya mgeni?

"Vinne. Kidole gumba kilibaki mgodini. Huyo ni mkwe wangu, mwanangu, na wewe umeniita nimpelekee chai."

Huenda wewe si wa kwetu, kwa hiyo nikueleze. Zamani, na kwa wanawake wa umri wa mama hadi leo, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mkwe apite. Wenyewe tunaita kutila. Mkwe naye anasaidia: akikaribia, anakohoa. Mama aliishi uani mwa babu miaka sita bila kuuona uso wake. Alimjua kwa kikohozi na kwa miguu.

Nilirudi sebuleni. Muziki ulikuwa unaendelea. Kiti kilikuwa kitupu na mlangoni hakukuwa na makubazi. Lakini kwenye marumaru yangu meupe kulikuwa na nyayo za tope jekundu, kutoka mlangoni hadi kitini, na hazikurudi. Nilichuchumaa, mimi mwenye stashahada, nikahesabu kwa kidole. Kushoto vitano. Kulia vinne. Nilihesabu tena.

Niliposimama mama alikuwa koridoni na mfuko wake wa nguo. Alisema anarudi Lufingo. Nikamkumbusha daktari. Nikamkumbusha ile siku aliyolala sakafuni.

"Mkwe na mkamwana hawakai nyumba moja," akasema. "Yeye ndiye mkubwa, mimi ndiye nitakayeondoka. Usimlaumu mtu."

Ndipo nikamweleza habari ya soksi. Alinisikiliza akiwa ameupa mlango wa sebule kisogo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama babu alionekana amefurahi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hajaja kwa ubaya. Amekuja kwa vitu vyake. Usimfukuze. Mrudishie aende navyo kwake."

Nilimwomba alale kwa jirani usiku huo mmoja tu, aniachie kesho. Akakubali. Nilizima amplifaya nikazichomoa valvu zikiwa bado na moto. Nina alama kwenye vidole viwili hadi leo, ukitaka nitakuonyesha.

Asubuhi nikapanda bodaboda hadi Lufingo nikiwa na begi la vifaa. Umeme ulishafika kule miaka michache iliyopita, mama alikuwa na taa na soketi moja. Niliishusha redio ya babu kutoka darini. Nilibadili kapasita zilizooza na waya ulioliwa na panya, nikarudisha valvu mahali pake, nikachomeka. Ilichukua muda kupata moto. Kisha ikaanza kuvuma, halafu kwa mbali sana ikatokea sauti ya mtu anayesoma habari kwa lugha nisiyoijua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu ifike Rungwe.

Mjukuu hakatazwi kukaa na babu yake. Hata hivyo nilitoka, nikafunga mlango, nikakaa barazani. Niliona ni haki yake asikilize peke yake baada ya kungoja kote kule.

Haukupita muda, yule msoma habari akakatika. Nikasikia mluzi wa stesheni zinapita, mluzi, kimya, mluzi tena. Mtu alikuwa anazungusha kitufe. Mimi niko nje, ufunguo uko mfukoni mwangu. Kikatafutwa kituo polepole, kwa mkono usio na haraka, mpaka ukapatikana wimbo, ukaachwa hapo. Kisha kikohozi. Mara moja tu, si kile cha kuonya. Kile cha mtu aliyekaa vizuri.

Jioni ile mama alirudi nyumbani kwangu. Alisimama kidogo kwenye kizingiti cha sebule. Akaingia. Akakirudisha kiti chake dirishani, akaomba ungo wa maharage.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada ninakwenda Lufingo kuwasha redio, ninafunga mlango, ninakaa barazani. Nyakati nyingine ninakuta sindano ya stesheni haiko pale nilipoiacha. Amplifaya yangu imerudishiwa valvu zake za Uchina na kwaya ina mafua kama zamani. Mafundi wakija huniuliza, wewe unayejisifu hivyo, mbona hujaitengeneza ikatulia? Ninawajibu imetulia. Mama yuko kwenye kiti chake.

Miezi kadhaa baadaye, anachambua maharage, aliniuliza bila kuinua macho, "Alikuwa na sura gani?"

Nilianza kumweleza. Paji pana, nikasema, na nyusi moja ina kovu, na akitabasamu... Mama akainua mkono.

"Basi," akasema. "Ukiendelea nitakuwa nimemtazama."

Kwa hiyo na wewe unayenunua vya kale ili kuboresha vya leo, nunua, sikukatazi, mimi ni fundi. Ila kabla hujachomeka, uliza ni nani aliyekibeba kitu hicho na alikuwa anangoja nini. Na ukimwona mtu mzima wa nyumbani kwako anakizunguka kiti ambacho wewe unakiona kitupu, usimwite alete chai. Mpishe apite.