Tundu la Nne

Wageni wakisikia anaitwa Mzee Risasi hudhani aliwahi kuwa askari. Hajashika bunduki hata siku moja. Risasi yake ni ile ya kuchomelea nyaya, na kwa miaka thelathini na minane imemtia madoa vidoleni na harufu kwenye koti ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Hutengeneza amplifaya za valvu, yale madude mazito yenye chupa za vioo zinazowaka ndani, ambayo watu wenye akili zao walishayatupa. Wasio na akili, anasema, ndio wanaompa riziki.

Meza yake ina viti viwili. Cha pili kilikuwa cha binti yake, na tangu aondoke, miaka saba sasa, hakijakaliwa na mtu. Mteja akikivuta huambiwa kibovu, naye husimama. Kiti ni kizima kabisa. Mzee ana hamu na mwanawe, hana la kuficha humo, na mpaka leo hunyoosha mkono wa kushoto bila kutazama, akingoja kupewa koleo.

Binti alianza kazi hiyo akiwa amemaliza shule, na kwa miaka tisa alifika mahali ambapo baadhi ya wateja walimtaka yeye, si baba. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema majirani, na mzee akajifanya hakusikia, huku meno yote yako nje.

Halafu ikaja ile amplifaya ya ukumbi wa dansi. Transfoma yake ya kupelekea sauti kwenye spika ilikuwa imeungua, na mzee aliisuka upya kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, siku nne nzima. Nyuma ya amplifaya za namna hiyo kuna matundu matatu ya kuchomekea spika: la nne, la nane na la kumi na sita. Hizo ni omu, yaani kiasi ambacho spika inaubania umeme. Spika ikiingia tundu lake, mambo shwari. Ikiingia la mwenzake, valvu hutwishwa mzigo usio wao, zikaungua. Namba za matundu aliziandika mzee mwenyewe kwa rangi nyekundu, akampa binti amplifaya akaifunge ukumbini.

Ukumbini kulikuwa na spika mbili za omu nane. Ukiziunga sambamba huwa nne, na binti akazichomeka palipoandikwa nne. Wimbo wa tano haukufika mwisho. Valvu ziliiva zikawa nyekundu kama makaa, zikafa, na watu wakabaki wamesimama na miguu yao.

Mzee alipoitwa aliwakuta wote wamemzunguka binti. Aliinama akaziangalia spika, amplifaya hakuigusa, kwani ni yeye aliyeisuka, ya nini kuikagua? Akainuka, akasema mbele ya mwenye ukumbi na wapiga ala wake wote: "Miaka tisa nafundisha, kumbe nafundisha ukuta. Huyu si fundi."

 Wiki hiyohiyo binti alifunga mizigo akaenda kwa shangazi yake, mji mwingine, na huko sasa anatengeneza cherehani. Hupigiana simu mara chache. Hujambo, sijambo, afya, njema, haya basi. Muuguzi na mgonjwa wana maneno mengi kuliko hayo.

Mwenye ukumbi hakutaka tena kuiona ile amplifaya, ikakaa rafuni kwa mzee ikila vumbi. Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa muziki aliiona, akaipenda, akaomba ifufuliwe. Mzee akatafuta valvu nyingine, na kabla ya kuzichomeka aliingiza umeme kidogo kwenye transfoma ili aone kama bado nzima. Nzima ilikuwa. Ila tundu la nne lilitoa umeme mara mbili ya la kumi na sita, na inatakiwa iwe kinyume chake.

Akapima tena. Akaitukana mita. Akaenda kuazima ya jirani yake, fundi wa televisheni, nayo ikasema yaleyale, na mita mbili haziwezi kula njama. Akafungua kifuniko, akaufuata kwa kidole waya wa mwisho wa msuko, ule wa omu kumi na sita. Uliishia kwenye namba nne, nyekundu, kwa mwandiko wake.

Ilimchukua siku tatu kupiga simu. Mara mbili alibonyeza namba akakata. Binti alipopokea akaanza salamu zao za muuguzi, na mzee akamkatiza, akaeleza yote kwa mpigo, tundu, waya, rangi, akamaliza kwa kusema kosa lilikuwa lake na anaomba radhi.

"Najua, Baba," alisema binti. "Niliirudisha kwenye meza yetu jioni ileile, nikaipima, wewe ukiwa bado ukumbini."

 Mzee aliuliza kwa nini basi hakumwambia.

"Ulishasema mbele ya watu. Ningekwambia, ungewaambia nini tena? Nikaona nikuachie upime mwenyewe. Nilidhani utapima kesho yake."

Nyuma yake cherehani ilikuwa inajaribiwa, ikakimbia, ikasimama. Mzee alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumrudisha, kwamba wateja bado wanamuulizia, kwamba macho yake yeye yamechoka na nyaya nyembamba. Yote yakampotea. Aliweza tu kuuliza atakuja lini.



"Kuja nitakuja, Baba," alisema. "Kurudi ndiyo sijui."